Mawe Yasiyo na Namba

Bikoni halali ina namba juu yake. Wengi wetu hapa Ilomba tulikuwa tunaijua bikoni kama kijiwe cha zege chenye nondo katikati, mahali pa kufungia mbuzi au pa kujikwaa usiku. Hatukujua kwamba mpimaji akikisimika anatakiwa akipe herufi na tarakimu, na kwamba hizo hizo ndizo zinazoandikwa kwenye ramani ya upimaji inayokwenda kuidhinishwa. Mimi nililijua hilo saa nne ya usiku, mwezi Julai, kwenye baridi ile ya Mbeya ya kukaa sebuleni na koti. Simu ilitetemeka juu ya stuli. Mama mmoja anayeuza mitumba Mwanjelwa alikuwa ametuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: jiwe tu, na pembeni ncha ya kandambili yake iliyovaliwa juu ya soksi. Chini kaandika: "Jamani wenzangu, yenu yana namba? Langu kipara."

Kesho yake watu walipanda bajaji na bodaboda kwenda kutazama. Kufikia magharibi tulikuwa na picha kumi na saba. Vipara vyote.

Tulikuwa tumenunua viwanja nje kidogo ya jiji, upande wa Mbeya Vijijini, kwa kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu shauri letu halijafika mwisho. Tangazo lake lilitukuta wote mahali pamoja, kwenye kiganja: Mlima Loleza kwa nyuma, gari lililoandikwa jina la kampuni ubavuni, binti anatabasamu ameshika kibao. Viwanja vimepimwa. Lipa kidogo kidogo. Hati mkononi. Kiasi nilicholipa mwanzo sitakisema hapa, mke wangu naye anasoma vitabu.

Anayeshangaa tulivyonasa kirahisi aje atembee Ilomba siku moja. Ukitoka Mwanjelwa kuelekea Uyole kwa barabara kuu ya Zambia, uteremke kushoto au kulia popote utakapo, utaona njia inaanza na upana wa lori, inapungua ikawa ya bajaji, halafu ya toroli, halafu inaishia kwenye ukuta wa choo cha mtu. Nimewahi kubeba jeneza hapa Sae ambalo ilibidi lipitishwe juu ya uzio wa jirani, na jirani mwenyewe alilipokea upande wa pili. Sehemu kubwa ya jiji letu imejengwa hivyo, watu kwanza na ramani baadaye. Serikali ilileta urasimishaji makazi, mpango wa miaka kumi ulioanza 2013, na kazi nyingi zikapewa kampuni binafsi za kupanga na kupima. Wananchi wakachangishana mtaa kwa mtaa. Bei ilikuwa 250,000 kwa kiwanja, Waziri wa Ardhi wa wakati ule, William Lukuvi, akaishusha isizidi 150,000, na ni yeye pia aliyekuwa akizikaripia hadharani kampuni zilizokusanya fedha za watu na kazi zikaziacha njiani. Mtu aliyepitia hayo akisikia neno "kimepimwa" moyo unalainika. Anaona barabara ya mita kumi, anaona gari la zimamoto linageuka, anaona jeneza linatoka kwa heshima.

Kundi la WhatsApp lenyewe halikuwa wazo letu. Kampuni ndiyo iliyoliunda, ikaliita familia ya wateja, ili itukumbushe marejesho kila tarehe 28. Mwanzoni kulikuwa na salamu, dua za asubuhi na picha za greda likichonga barabara. Watu walipoanza kuuliza hati ziko wapi, kundi likafungwa, wakawa wanaandika wasimamizi peke yao. Aliyemfuata msimamizi pembeni na swali gumu alijikuta ameondolewa. Mwalimu mmoja wa sekondari, kabla hawajamfikia, alikaa na kaunta buku akanakili namba zote za simu zilizoonekana kwenye orodha ya wanakundi, moja baada ya nyingine, zaidi ya mia. Siku aliyotolewa alikuwa tayari na kundi la pili. Sijui kama kampuni ilikuja kutambua kwamba ndiyo iliyotukutanisha. Mteja wa Ilomba, nesi wa Iringa na dereva wa malori ya Tunduma wasingejuana maisha yao yote.

Wiki tatu za kwanza za kundi la pili hazikuwa na maana yoyote. Zilikuwa matusi, sauti za dakika nne nne, na vikaragosi vya moto. Kila mtu alitaka "tuwalipue mtandaoni". Kijana mmoja, wa watu wema kabisa, alikwenda Facebook akaweka picha ya mkurugenzi, picha ya nyumba yake, na kwa bahati mbaya watoto wakiwa getini, akaandika neno mwizi kwa herufi kubwa. Siku ya nne akapigiwa simu kutoka kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inasema anayechapisha taarifa za uongo kwa kusudi baya anaweza kulipa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ukiongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na wale watoto wa getini, kijana alikuwa na mzigo. Alifuta, akaomba radhi, akaachiwa. Na kundi likanyamaza kama msiba. Wanachama tisa walijitoa usiku ule ule.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo limezaa sura hii. Huyu mtu anayeuza viwanja hewa, au anayepandisha ghorofa pasipo kibali, anaogopa nini hasa? Kutukanwa haogopi. Ametukanwa na wengi na bado anakula nyama choma Soweto kila Jumamosi. Baada ya kuangalia mashauri ya huku kwetu na ya majirani, nadhani anaogopa watu wawili tu. Wa kwanza ni mnunuzi ajaye, yule ambaye fedha yake ndiyo inayolipia greda la leo. Wa pili ni ofisa aliyetia saini, au aliyefumba macho, ambaye akiulizwa na bosi wake atahitaji kumtoa mtu kafara.

Chukua Lang'ata. Jumatatu ya tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Wao pamoja na wanaharakati, Boniface Mwangi akiwemo, waliusukuma ukuta kwa mikono yao. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Watoto wa shule ya msingi, wenye sare, wanakohoa na kujifuta macho: picha hizo zilizunguka dunia kabla ya chakula cha mchana, chini ya alama ya #OccupyPlayground. Aliyejenga ukuta hakuonekana, wala hakuhitajika kuonekana. Walioonekana ni wenye vyeo. Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, aliomba radhi, ofisa aliyeongoza operesheni akasimamishwa kazi, na Rais Uhuru Kenyatta akamtaka Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, awataje wenye kampuni iliyokuwa inadai uwanja. Aliwataja, baada ya kuzungushazunguka. Baadaye ikaanza kampeni ya Shule Yangu ya kutafutia shule za umma hati za ardhi zao, kwa kuwa iligundulika kwamba Lang'ata haikuwa peke yake.

Picha ile ilimfikia mtu wa pili kwenye orodha yangu, yule wa saini. Mnyakuzi mwenyewe sidhani kama ilimgusa.

Na msidhani ujanja huu umeletwa na simu. Mwaka 1989, chama tawala cha Kenya kilipotaka kusimika jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Wangari Maathai hakuwa na intaneti wala wafuasi wa kuhesabiwa. Alikuwa na taipureta. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa balozi, kwa magazeti. Bungeni walimtukana, shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi za serikali. Lakini barua zile zilikuwa zimeshafika kwa wenye fedha nje, akiwemo mshirika wa mradi, tajiri wa magazeti wa Uingereza Robert Maxwell, na waliokuwa watoe mikopo wakaingiwa baridi. Jengo halikujengwa. Mnunuzi ajaye, kwa jengo la ghorofa 60, ni benki.

Sasa geuza upande wa pili uone pale ambapo kelele haina pa kushika. Mradi wa Dege kule Kigamboni, ubia wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na kampuni ya Azimio, ulipangiwa nyumba zaidi ya 7,000 na ukasimama 2016, na maghorofa yake yamebaki kama sanduku za viberiti zilizomwagika ufukweni. Umesemwa mno, mitandaoni hausahauliki. Ila aliyelipia ni mfanyakazi anayekatwa mchango kwenye mshahara, na huyo hawezi kuamua mwezi ujao asikatwe. Mwenye mradi hakuwa na mteja wa kumpoteza. Yaliyotikisa kidogo pale ni ripoti za Mkaguzi Mkuu, ambazo zinasomwa bungeni na watu wanaoweza kumwita mtu aje ajieleze. Kwa hiyo kabla hamjafungua kundi, jiulizeni: huyu tunayemdai anamhitaji nani?

Kariakoo ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa pale wale watu wangu wawili wote walikuwepo na bado haikusaidia. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka sokoni asubuhi, watu wasiopungua 29 wakafa, na waliofukiwa chini walikuwa wanapiga simu na kutuma ujumbe kutoka gizani wakiomba hewa na maji. Wapangaji wa Kariakoo wanajua kila kinachochimbwa chini ya miguu yao. Lakini mfanyabiashara ametoa kilemba cha mamilioni kupata fremu, kodi kalipa ya mwaka mbele, akifungua mdomo fremu inakwenda kwa mwingine kabla ya saa nane mchana. Miaka kumi na moja kabla yake, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Lilikuwa limefika ghorofa 16, wakati kibali, kama ilivyokuja kuelezwa baada ya mazishi, kilikuwa cha ghorofa 10. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji digrii. Maelfu walipita pale kila siku wakiwa na macho mazima. Walichokosa ni ile karatasi yenye namba 10 ya kulinganisha na walichokiona.

Karatasi ya kulinganisha. Hiyo ndiyo iliyotutoa sisi shimoni, na aliyeileta si mwalimu wala mimi niliyekuwa najiona msomi. Ni yule mama wa mitumba.

Baada ya tukio la polisi aliandika kwenye kundi kwamba Jumapili baada ya ibada anakaribisha watu kwake, waje na mikataba na risiti, "na msije na maneno". Tulikwenda kumi na nane. Alikuwa ametandika kanga mbili juu ya mkeka. Risiti zake mwenyewe zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, zimepangwa kwa tarehe, kila moja imepigiwa pasi. Nasema kweli, pasi. Alikuwa na kaunta buku ya kwaya mbili, ameichora mistari kwa rula ya mtoto: jina, namba ya kiwanja, tarehe ya mkataba, kiasi kilicholipwa, kimelipwa wapi, risiti ya aina gani. Tukawa tunasoma kwa sauti naye anajaza. Walio mbali walituma picha, mtoto wake wa kidato cha pili akazikuza kwenye simu na kutusomea.

Ilipofika saa kumi mtoto yule akasema, "Mama, 118 si umeshaandika?"

Akarudi nyuma kurasa mbili kwa kidole. Ndiyo, 118 ilikuwa ya dereva wa Tunduma. Sasa inasomwa tena kwa nesi wa Iringa. Kabla hatujamaliza kushangaa, mstaafu mmoja wa hapa Sae aliyekaa karibu na mlango akatoa mkataba wake mfukoni, akavaa miwani, akasema taratibu, "Nami nina 118."

Tulicheka. Sijui kwa nini tulicheka, ila tulicheka mpaka mama akatoka kwenda kuongeza maji ya chai. Kisha tukatazama risiti. Fedha zilikuwa zimelipwa kwenye namba za simu za watu watatu tofauti, hakuna hata moja iliyoingia akaunti ya kampuni. Risiti za mashine ya EFD zilikuwa nne kati ya zote. Nyingine ni za kitabu cha dukani, muhuri wa bluu. Mnunuzi mmoja mmoja asingeweza kuviona hivi vitu hata angekesha. Mkataba wangu peke yake ulikuwa mzuri tu, una picha yangu na dole gumba. Ubaya ulikuwa katikati ya mkataba wangu na wa mwenzangu.

Kilichofuata ni cha ofisini na kinachosha, lakini nitakieleza kidogo kwa kuwa ndicho wengi wanachokiruka. Kila kiwanja kilichopimwa kihalali kina wazazi wawili: mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, wenye namba yake, na ramani ya upimaji, yenye yake. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, hakuna haja ya kwenda Dodoma wala Dar es Salaam. Watu wanne kati yetu walikwenda na barua moja, imesainiwa na watu arobaini na watatu wa kundi letu, ikiuliza maswali mawili tu: eneo hili lina mchoro namba ngapi, na lina ramani namba ngapi? Hatukuomba huruma wala hatukumlaumu mtu. Tuliambatisha jedwali la mama. Chini tukataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Kijana wa mapokezi alisoma, akatupa macho, akaenda nayo ndani. Jibu lilikuja siku ya 26, aya moja: mchoro uliwasilishwa, haujaidhinishwa, upimaji haujasajiliwa.

Aya hiyo moja ndiyo iliyokuwa silaha. Wakati huu, kabla ya kuandika chochote mtandaoni, tulikaa tukabishana siku nne juu ya maneno. Mwalimu alitaka "matapeli" libaki. Mstaafu, ambaye alikuwa karani wa mahakama, akasema kila neno ambalo huwezi kuliwekea karatasi pembeni litoke. Likatoka "matapeli", likatoka "genge", likatoka hata "cha kusikitisha". Kilichobaki ni picha ya jiwe kipara, picha ya barua ya ofisi, mistari mitatu kutoka kwenye kaunta buku inayoonyesha 118 mara tatu, majina yamefutwa, na sentensi moja: eneo linalotangazwa kuwa limepimwa, kwa mujibu wa barua hii, upimaji wake haujasajiliwa. Wote arobaini na watatu tuliiweka saa moja jioni, kila mtu kwenye hali yake ya WhatsApp, kwenye makundi ya kanisa, ya msikiti, ya waliosoma pamoja, ya vikoba. Halafu tukaiweka chini ya kila tangazo la kampuni lililokuwa wazi kutoa maoni.

Nikatazama simu mpaka usiku. Waliosoma hawakutukana. Waliuliza: "Hii ni ya upande gani?" "Mimi nililipia Ijumaa, nifanyeje?" Mnunuzi ajaye alikuwa amefika.

Hapa niweke jambo linalonikera kwenye mashauri yetu mengi. Watu hupenda kusema mtandao umetupa uhuru, kana kwamba anayesema ndiye aliyebeba hatari peke yake. Wapo waliobeba kwa niaba yetu. JamiiForums, iliyoanzishwa 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, imekuwa mahali ambapo mtu wa ofisini anaweza kutupa waraka bila jina lake kujulikana. Desemba 2016 Melo alikamatwa akafikishwa Mahakama ya Kisutu. Kubwa walilomdai ni kwamba alikataa kuwapa polisi taarifa za walioandika. Aprili 2020, katika moja ya mashauri aliyofunguliwa, alitiwa hatiani, faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Juni 2018 jukwaa lilizimwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui, na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikalisimamisha kwa siku 90. Ukitaka kujua mtu wa saini huwa anajibu nini akiguswa, ni hivyo: badala ya kuuliza "ni kweli?" anauliza "nani kasema?"

Ndiyo maana sisi tuliamua kujulikana. Barua ilikuwa na majina yetu yote, na machapisho yalitoka kwenye namba zetu halisi. Si kila shauri linaruhusu hivyo. Mtumishi wa halmashauri anayejua kibali kimeuzwa, akijitokeza kwa jina lake, atahamishiwa mahali ambapo hata mtandao haushiki. Lakini mnunuzi mwenye risiti ana haki ya kusema juu ya risiti yake, na akiwa na wenzake arobaini na wawili polisi hawana kijana wa kumwita peke yake kituoni. Simu zenyewe hatukuzifuta kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua meseji kuwa ushahidi, na yule karani mstaafu alituzuia kubadilisha simu wala kusafisha mazungumzo. "Picha ya skrini ni uvumi wenye rangi," alisema. "Simu yenyewe ndiyo shahidi."

Kampuni iliita mkutano baada ya siku tisa, kwenye ukumbi mmoja hapa Sae. Walileta soda. Mkurugenzi hakuja, alikuja wakili, mpole, mwenye sauti ya padri. Alisema kuna ucheleweshaji wa kiofisi, na kwamba kampuni iko tayari kurudisha fedha kwa awamu kwa yeyote atakayesaini kwamba hana dai lingine na kwamba atajitoa kwenye kundi. Hilo la kundi lilitustua. Walikuwa na mikataba yenye utata, viwanja vya watu watatu watatu, greda la kukodi, na kitu wanachotaka kikome ni kundi la WhatsApp.

Kumi na mmoja walisaini. Siwalaumu. Nesi alikuwa na ada za watoto wawili, na fedha ya awamu ni fedha. Waliobaki walikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko tuliko hadi naandika, kwa mwendo unaojulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye lile benchi.

Kuna jambo tulilochelewa, na linaniuma. Siku moja tulikwenda eneo lenyewe watu sita, na mzee mmoja akatoka kwenye shamba la viazi akatusalimia kwa Kisafwa, akatuuliza sisi ni wa kampuni? Tukasema hapana, ni wanunuzi. Akatuangalia muda. "Basi wanangu, hata sisi tunadai," akasema. Shamba lile lilikuwa la familia tano. Walipewa nusu ya bei, nusu iliyobaki waliahidiwa viwanja vikiuzwa. Kwa miezi yote tulipokuwa tunatetemesha simu zetu, wenye ardhi walikuwa mita mia tatu kutoka kwenye mawe yetu, wanayaona kila asubuhi wakienda kulima, na hakuna aliyewahi kuwaingiza kwenye kundi lolote kwa sababu hawana simu za kuingizwa. Walikuwa na karatasi bora kuliko zetu zote: makubaliano ya kwanza, yameandikwa kwa mkono, na muhuri wa kijiji. Mama wa mitumba aliyatandaza juu ya gunia akayapiga picha, kisha akafungua kaunta buku ukurasa mpya.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Makambako alinitumia tangazo. Viwanja vimepimwa, lipa kidogo kidogo. Jina la kampuni ni jipya, rangi ni mpya, mlima wa nyuma sasa ni wa Rungwe. Nikalipeleka kwenye kundi bila neno. Haikupita dakika mama akajibu, amezungushia duara jekundu pembe ya chini ya picha: "Namba ya simu ni ile ile."

Nikamwandikia mpwa wangu aende kwanza akapige picha ya jiwe, kwa juu.